Barua ya wazi kwa mnaotuwakilisha kwenye mikutano ya silaha: hotuba tumezisikia, karatasi ziko wapi?

KWA: Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Nje, waheshimiwa mabalozi wetu mlioko Geneva na New York, pamoja na maafisa wote mnaoandika zile hotuba

YAH: MNAYOYASEMA UKUMBINI NA MNAYOYAACHA MKISHARUDI

Waheshimiwa,

Shikamooni. Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi wa miguu bandia. Sio mwanasheria, sio mwanasiasa, na sijawahi kupanda ndege kwenda mkutano wowote. Kazi yangu ni kupima kigutu, kukifunga plasta, kutengeneza soketi, yaani kikombe kinachokaa kigutu, kuunga mguu, alafu kumshika mtu mkono apige hatua tano za kwanza huku anatetemeka na jasho linamtoka. Wapo waliokatwa miguu kwa kisukari, wapo wa ajali za barabarani, hao sina cha kuwaandikia nyinyi. Nawaandikia kwa ajili ya wale wengine, walioletwa kwangu na kitu kilichotengenezwa kiwandani makusudi kabisa kimfanye mtu hivyo.

Kabla ya kufika huku hadharani nimepita njia zote za kistaarabu. Barua ya kwanza nilileta kwa mkono wangu, ikagongwa muhuri, nikapewa namba ya kumbukumbu. Ya pili nikatuma kwa posta. Ya tatu nikatuma kwa imeili, jibu likaja ndani ya dakika moja nikafurahi kweli, kumbe ni mashine inajibu, "ujumbe wako umepokelewa na unafanyiwa kazi", na unafanyiwa kazi mpaka leo. Nikaenda mwenyewe kuulizia. Dada wa mapokezi, mtu mpole sana huyo sina ugomvi naye, akaniambia faili liko kwa mkubwa na mkubwa yuko safari, kaenda mkutanoni. Mkutano gani dada yangu? Akaangalia kwenye daftari, akasema, wa silaha. Nikacheka mpaka akanishangaa.

Nchi yangu sitaitaja. Kwanza wenyewe mnajijua. Pili nimekaa usiku mwingi nasoma hotuba na rekodi za kura kwenye intaneti, na nilichogundua ni kwamba barua hii ukifuta jina la serikali moja ukaandika la nyingine bado inasomeka vizuri tu, kwa hiyo serikali yoyote itakayojiona humu ndani ichukue, ni ya kwake.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mnasaini alafu basi.

Mkataba wa kupiga marufuku mabomu ya mtawanyiko ulipitishwa Dublin mwezi Mei 2008, na Desemba mwaka huohuo ukafunguliwa Oslo nchi zitie saini. Zaidi ya nchi 90 zilisaini palepale, sisi tukiwemo, picha ipo, mjumbe wetu kainama na kalamu anatabasamu. Ukaanza kufanya kazi tarehe 1 Agosti 2010. Sasa kwa wasiojua, kusaini peke yake hakukufungi kwenye mkataba mzima, inabidi urudi nyumbani, bunge au mamlaka inayohusika iridhie, alafu hati ipelekwe Umoja wa Mataifa. Hapo ndo unakuwa mwanachama. Sisi hati hatujapeleka. Huu ni uchumba wa tangu 2008 na ndoa haijatajwa, na kila mwaka bado tunaalikwa kwenye sherehe tunakula tunarudi.

Niwaeleze hili bomu ni nini maana kwenye hotuba zenu linatajwa kama neno tu. Ni bomu kubwa au kombora linalofunguka likiwa hewani na kumwaga vibomu vidogo, mengine yanabeba mamia, vinatapakaa eneo la viwanja kadhaa vya mpira. Vingine vinalipuka. Vingine havilipuki, vinalala kwenye majani vinasubiri. Laos ilimwagiwa vibomu zaidi ya milioni 270 kati ya 1964 na 1973, inakadiriwa kama milioni 80 havikulipuka, na mpaka leo watu wanalima wakiviogopa, watu ambao hata wazazi wao walikuwa hawajazaliwa ndege zilipopita.

Kuna binti namtengenezea miguu. Walikuwa wanacheza na wenzake, mmoja akapiga teke kitu kilichofanana na betri kubwa ya redio. Yeye alikuwa amesimama kando. Mara ya kwanza kuja kwangu alikuwa na miaka sita. Mtoto sio kama mtu mzima, mtu mzima mguu mmoja anaweza kwenda nao miaka mitatu, mitano, lakini mtoto anakua, na mfupa kwenye kigutu nao unakua, wakati mwingine unakua kwa kasi kuliko nyama inayoufunika, inabidi arudi kwa daktari ukatwe tena, ndo arudi kwangu tuanze upya kupima. Inatakiwa mguu mpya kila baada ya miezi sita hivi, ukichelewa sana mwaka. Ile ya zamani sijaitupa. Nimeipanga kwenye rafu karakanani, mguu wa kwanza mdogo unaenea kwenye kiganja changu na vidole, wa mwisho unakaribia wa mtu mzima. Iko tisa. Huyu binti alizaliwa saini yenu ikiwa imeshakauka, na ameshamaliza miguu tisa hati bado haijapelekwa.

2. Mnajificha nyuma ya "kauli moja".

Hili ndo linaloniuma kuliko yote kwa sababu linafanana na busara. Kila nikisoma hotuba zenu nakuta "tunaunga mkono mazungumzo yanayofikia maamuzi kwa kauli moja". Inasikika vizuri. Lakini mnajua na mimi nimeshajua maana yake, maana yake ni kwamba mmoja tu akikataa wote mnarudi hotelini. Ule Mkutano wa Upokonyaji Silaha wa Geneva una wanachama 65 na tangu 1996 haujatoa mkataba hata mmoja, hata mmoja jamani, kuna miaka wameshindwa kukubaliana hata ratiba ya kazi. Mapitio ya mkataba wa kuzuia kuenea kwa nyuklia yakamalizika bila waraka wa pamoja mwaka 2015, yakaja ya 2022 yakamalizika vilevile.

Sasa linganisheni na yaliyofanikiwa. Mabomu ya ardhini yaliwashinda Geneva kwa sababu hiyohiyo ya kauli moja. Oktoba 1996 Waziri wa Mambo ya Nje wa Canada, Lloyd Axworthy, akasimama akawaambia wenzake rudini hapa Ottawa kabla 1997 haijaisha tusaini marufuku kamili. Watu walimwona kama amechanganyikiwa. Desemba 1997 wakarudi, nchi 122 zikasaini. Mkataba wa Biashara ya Silaha nao hivyohivyo, Machi 2013 nchi tatu, Iran, Syria na Korea Kaskazini, zikauzuia kwenye mkutano wa mwisho, ukapelekwa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 2 Aprili ukapita kwa kura 154, na waliopinga walikuwa ni wale wale watatu. Marufuku ya silaha za nyuklia, Julai 2017, nchi 122 zikasema ndiyo. Kwa hiyo waliotaka mkataba waliwaacha wasiotaka na mlango wakauacha wazi, ndivyo ilivyofanyika mara zote.

Nyinyi mkisema kauli moja mnajua fika nani atakataa. Mnamwachia yeye aonekane mbaya.

3. Mnajizuia kupiga kura alafu mnatuambia hamkupinga.

Chukueni hizi silaha zinazojiendesha zenyewe, mashine inayochagua nani wa kumpiga bila mtu kubonyeza chochote. Desemba 2024 Baraza Kuu lilipiga kura kuhusu jambo hili, 166 wakaunga mkono, 3 wakapinga, 15 wakajizuia. Katibu Mkuu António Guterres ameshasema anataka mkataba wake ukamilike kufikia 2026. Nilipouliza msimamo wetu wa jumla kwenye hizi kura nikaambiwa na ofisa mmoja kwenye simu, kwa sauti ya kunielimisha, kwamba kujizuia ni lugha ya kidiplomasia. Sawa. Mimi nikiletewa mgonjwa nikajizuia kumpima, naye atabaki amekaa hapo kwenye benchi.

Na kuna lingine dogo ambalo wengi hawalijui, kuna kutokuwepo kabisa. Kwenye rekodi jina la nchi linakuwa tupu, hakuna ndiyo hakuna hapana. Sijui mjumbe alikuwa wapi. Labda alikuwa na kikao kingine, wajumbe wetu ni wachache hilo naelewa, ila kitu tupu kikijirudia rudia mtu anaanza kufikiri.

4. Ripoti.

Hili fupi. Mkataba wa mabomu ya ardhini unataka ripoti kila mwaka kufikia tarehe 30 Aprili. Wa biashara ya silaha tarehe 31 Mei. Wengine hawapeleki kabisa, wengine wanapeleka na kuomba ifichwe isisomwe na umma. Sasa mkataba wote ule uliandikwa ili tujue nani kamuuzia nani nini, ukificha ripoti umebakisha nini? Kifungu cha 6 kinakataza kabisa kuuza silaha ukijua zitatumika kwenye mauaji ya kimbari au kushambulia raia, cha 7 kinakutaka upime hatari kabla ya kutoa kibali. Nani anapima kwetu? Kwa fomu gani? Nimeuliza kwenye barua zote tatu.

5. Mwaka 2025 mlinyamaza.

Tarehe 6 Machi 2025 Lithuania ilitoka rasmi kwenye mkataba wa mabomu ya mtawanyiko, nchi ya kwanza kuondoka tangu mkataba uanze. Mwaka huohuo Estonia, Latvia, Lithuania, Finland na Poland wakachukua hatua ya kujitoa kwenye mkataba wa mabomu ya ardhini. Wana sababu zao, wana jirani anayewatisha, sijafika kwao siwezi kusema hawaogopi, mtu mwenye hofu huwezi kumhukumu ukiwa mbali umekaa. Lakini bomu la ardhini halimjui jirani. Halisomi sare. Vita ikiisha lenyewe linabaki kazini na anayekanyaga ni mchunga ng'ombe.

Kuna nchi ambazo zilisimama zikasema kwa heshima kabisa hapana, msifanye hivi. Niliitafuta sauti yetu. Nilikuta hotuba yetu moja ya kipindi kile, ndefu kurasa tatu, inashukuru mwenyekiti, inashukuru sekretarieti, inashukuru wenyeji kwa ukarimu.

6. Wanaoumia hawamo kwenye ujumbe.

Kifungu cha 5 cha ule mkataba wa mtawanyiko kinazungumzia kuwasaidia walioathirika, matibabu, marekebisho ya viungo, kazi, ushauri wa kisaikolojia, na mkataba wenyewe unamhesabu mwathirika kuwa ni pamoja na familia yake na jamii yake. Ni kifungu kizuri sana, ningeweza kukibandika ukutani kwangu. Sasa ujumbe wetu una watu wangapi wenye mguu bandia? Au mama wa mtu mwenye mguu bandia? Mbele ya jengo la Umoja wa Mataifa Geneva kuna kiti kikubwa cha mbao, urefu mita 12, mguu mmoja umevunjika. Kiliwekwa 1997 kuwasukuma wakubwa wasaini mkataba wa mabomu ya ardhini. Nimekitazama sana kwenye picha, kwa jicho la kazi. Aliyekichonga alijua alichokuwa anafanya, ule mguu haujakatwa kwa msumeno, umechanwa, mbao zimebaki na ncha ncha, na ndivyo vigutu vya mabomu vinavyokuja, vimeraruka, na mchanga na vipande vya kiatu vimeingia ndani ya nyama. Nyinyi mnapita pale kila siku ya kikao na beji shingoni. Wengine mnapigia picha.

Najua mtakachonijibu, mkinijibu.

Mtasema mataifa makubwa yenyewe hayamo, Marekani, Urusi na China hazijajiunga na mkataba wa mabomu ya ardhini wala wa mtawanyiko, sisi wadogo tutabadilisha nini. Waheshimiwa, hii mikataba nani aliisukuma? Norway, Austria, Ireland, Canada, Costa Rica. Hakuna hata mmoja hapo mwenye bomu la nyuklia. Na silaha za kemikali je? Mkataba ulifunguliwa kusainiwa 1993, ukaanza 1997, watu wakasema wakubwa hawataachia maghala yao, Julai 2023 Marekani ikamaliza kuharibu lundo lake la mwisho na ndo yakawa yameisha yote yaliyotangazwa duniani. Ilichukua miaka, walibishana, walichelewa, wakamaliza.

Mtasema usalama wa taifa. Hapo naomba mnisaidie kitu kimoja, mje mnieleze kibomu kilichomkuta yule binti kilikuwa kinalinda taifa gani.

Mtasema bajeti. Hii ingekuwa na uzito lakini mikataba hii ina mifuko ya kudhamini wajumbe wa nchi zisizo na uwezo, tiketi na malazi wanalipa wao, na mmeshaitumia. Na kuridhia hakuhitaji tiketi. Kunahitaji mtu achukue faili kwenye meza moja alipeleke kwenye meza nyingine.

Mtasema bunge lina mambo mengi. Tangu 2008?

Na wapo watakaosema huyu fundi anatumiwa na watu. Ndiyo, natumiwa, na watu wanaotembea kwa magongo wakisubiri foleni yangu. Wameniomba niandike kwa sababu mimi ndo mwenye kompyuta.

Ninachoomba ni vitu vichache na vyote viko ndani ya uwezo wenu bila kumuomba mtu mwingine ruhusa.

Kwanza, mtangaze hadharani orodha ya mikataba yote ya silaha na ya kibinadamu tuliyosaini bila kuridhia, na mbele ya kila mmoja muandike faili lake liko ofisi gani leo. Wala sitaki majina ya watu, nataka meza tu.

Pili, ule wa mabomu ya mtawanyiko upelekwe bungeni kabla ya mkutano unaokuja wa nchi wanachama. Huo msianze na kamati ya kuupitia, umeshapitiwa.

Tatu, kabla ya kila mkutano mkubwa wa New York au Geneva mtuambie mtapiga kura vipi na kwa nini, na mkirudi mtuwekee hotuba na kura kwenye tovuti ndani ya mwezi mmoja, kwa lugha tunayoongea. Mkijizuia muandike sababu. Mstari mmoja unatosha.

Nne, ripoti za Aprili na Mei ziende kwa wakati na ziwe wazi.

Tano, kwenye kila ujumbe unaokwenda kuzungumzia mabomu awepo mtu mmoja aliyeumizwa nayo, akae kwenye kiti chenye jina la nchi yetu mbele na apewe kipaza sauti. Asiwekwe nyuma kama pambo. Nafasi mkisema hamna, punguzeni mmoja wa itifaki.

Nawapa miezi mitatu, sio kwa kuwatisha, sina cha kuwatishia. Ni kwamba binti anakuja kupimwa mguu wa kumi na atauliza, huwa anauliza, kwa sababu nilimwambia nimewaandikia wakubwa. Safari zote tatu nimemjibu bado.

Mtakapotaka kujibu, namba ya kumbukumbu ni ileile mliyoigonga muhuri kwenye barua ya kwanza, nakala ninayo.

Wenu mtiifu,

Fundi wa miguu bandia

Nakala:
Wabunge wa kamati inayoshughulikia mambo ya nje
Dada wa mapokezi